Vitu Alivyotuachia Mzee Kimanzi

Zaituni mwanangu,

Salamu tutapeana kesho kwa mdomo, mbele ya watu, kwa hiyo hapa sizipotezei wino. Barua hii nimeikunja ndani ya buibui utakalovaa asubuhi. Najua unaisoma umesimama, nusu umevaa, na shangazi zako wanagonga mlango wakidhani unalia. Waache wagonge. Wiki nzima wamekufundisha kutia chumvi, kukunja shuka na kumwamkia mama mkwe, na yule aliyeachika mara tatu ndiye amekufundisha namna ya kumtuliza mume. Mimi katika hayo sina la kuongeza.

Nina jambo moja tu, na nimeliandika kwa sababu mdomo wangu unaujua. Ukifunguka, dharau ndiyo hutangulia kutoka, na la maana hubaki nyuma hadi watu wamekwisha kuondoka. Baba yako husema nilizaliwa nimekunja pua. Pengine ni kweli, maana katika nyumba hii vitu vya kukunjia pua havijawahi kupungua, na yeye ni kimojawapo.

Unakwenda Kathonzweni. Mumeo Saidi amejenga duka jipya, na chumba cha nyuma bado kinanuka mbao mbichi, hakuna mtu aliyewahi kulala humo wala kuacha kitu chake kwenye kona. Hapo umepata bahati kuliko mimi. Lakini Kathonzweni ndiko alikohamia Mzee Kimanzi, yule aliyetuuzia nyumba hii, na mzee huyo bado hajafa. Watu wenye dharau hawafi upesi, ndiyo maana hata mimi sina wasiwasi na afya yangu. Anaishi kwa binti yake Kalekye, anayeuza kunde na mbaazi pale sokoni, na kibanda cha Kalekye kinatazamana na duka la Saidi. Mama Mwende jirani yetu ana dada huko, naye ndiye aliyeniambia. Mzee hukaa hapo kibandani tangu asubuhi, na watu wakitaka kujua habari ya mtu yeyote aliyetoka upande wa Kitui, humwuliza yeye.

Basi ukifungua mlango wa duka, uso wa kwanza utakaouona ni wake. Atauliza wewe ni mtoto wa nani, ataambiwa, na neno moja tu kutoka kinywani mwake litatosha. Duka la Saidi litakaa na sukari yake hadi iote ukungu, na wewe utachota maji peke yako kisimani. Nasema hivyo kwa sababu yalitupata hapa Migwani. Wewe ulikuwa mdogo, ulichojua ni kwamba watoto wa wenzio hawakuja kucheza kwetu. Sasa nitakwambia kwa nini.

Vita vya Wazungu vilipokwisha tulikuwa bado Kitui mjini, chumba kimoja, mimi na baba yako na wewe mgongoni, na nyanya yako upande wa pili wa pazia akihesabu mara ninazokohoa. Siku moja baba yako akaja mbio. "Nimenunua nyumba Migwani," akasema. "Ya bati!" Nikamwuliza ina vyumba vingapi. Hajui. Ina choo? Hakuangalia. Mlango unafungwa kwa nini? Akanitazama kama nimemwuliza idadi ya nyota. Alikuwa ameangalia bati tu, na bati lenyewe aliliangalia akiwa barabarani. Ndivyo tulivyonunua nyumba.

Tulipofika, Mzee Kimanzi alikuwa ameshaondoka kufuata mashamba mapya kule Makueni, upande wa hiyo Kathonzweni. Nikafungua mlango, na macho yakakutana na takataka za maisha yake yote. Kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu kilichobakiwa na miwili. Vibuyu vilivyopasuka vikashonwa, vikapasuka tena pembeni mwa mshono. Upinde usio na kamba, ngozi iliyoliwa na panya, pembe ya kutilia ugoro, kiondo kisicho na kitako. Na karibu na mafiga, jiwe kubwa la kusagia, lile la chini ambalo mwanamke hulipigia magoti, limelika katikati likawa na shimo.

Nikasimama katikati ya chumba, nikasema kwa sauti, "Huyu mzee ametuuzia nyumba au ametuuzia jaa?"

Mama Mwende alikuwa amekuja kutupokea. Unamjua, yule hawezi kuanza umbea kabla ya kusema Bwana asifiwe. Alisimama mlangoni akanyoosha shingo, akahesabu vitu vyote kwa macho.

"Bwana asifiwe, mama. Hii vitu usitupe. Weka tu hapo kando. Ni ya mwenyewe."

"Mwenyewe ameuza, amekwenda."

"Ameuza nyumba. Hii haikuwa kwa bei. Hakuweza kubeba yote, mtu mzee kama yule. Atakuja siku moja, ama atatuma mtu."

"Basi angekodi gari."

"Ai, Mama Zaituni," akasema. "Wewe unajua mambo ya huko kwenu mjini. Ya hapa haujajua."

Nilimwona mshamba. Mimi binti wa mtu wa pwani, niliyesoma chuo cha Kurani hadi nikahitimu, nifundishwe adabu ya takataka na mwanamke asiyevaa viatu! Alipogeuka tu, nikakusanya vyote uani nikavitia moto. Upinde uliwaka vizuri kuliko vyote. Kiondo kilitoa moshi mweusi, nikafurahi kuuona ukielekea kwa Mama Mwende.

Jiwe haliungui. Lakini mvua zilikuwa karibu, na huo udongo mwekundu wa Migwani ukiingia ndani hautoki. Nikaliviringisha hadi mlangoni, nikachimba, nikalizika nusu, lile shimo likitazama juu. Lilikuwa zuri kwa kazi hiyo. Maji yalituama pale katikati, mtu anachovya mguu, anaupangusa, anaingia. Nikajisifu kwamba katika jaa lote la yule mzee nimepata kitu kimoja cha maana. Wewe ulijifunza kusimama ukilishika jiwe hilo, na baadaye juzuu yako ulikuwa ukiisoma umelikalia. Hukuwahi kujua kwamba lilikuwa na kazi nyingine kabla ya miguu yetu.

Ikabaki mizinga ya nyuki.

Ilikuwa miwili, ya magogo, imening'inia kwenye mgunga ule wa nyuma ya nyumba. Kila mmoja ulikuwa na alama ya mwenyewe, imechomwa kwa chuma cha moto, mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kunguru. Kila mtu hapa aliijua alama hiyo, hata watoto. Na mwanangu, sijui shetani gani aliyempa baba yako meza ya kushonea inayotazama mgunga ule. Kutwa alikanyaga cherehani yake, macho yakiwa juu mtini.

"Mti ni wangu," alikuwa akisema. "Shamba ni langu. Maua wanayokula ni yangu. Sasa asali ni ya nani?"

Na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kumwambia anyamaze ashone suruali za watu, nilimjibu, "Kama ni yako, mbona unaila kwa macho tu?"

Akatafuta mtu wa kumrinia asali. Wa kwanza alicheka akaenda zake. Wa pili alikuwa mteja, kaja kushonewa suruali. Aliposikia habari ya mzinga, aliinuka polepole, akatoka, na suruali hakuirudia tena. Mpaka leo baba yako huivaa akienda shambani. Hilo peke yake lingetosha kumfundisha mtu mwenye akili. Kwa Wakamba mtu atakusamehe ukimla mbuzi wake, maana mbuzi hupotea na njaa hujulikana. Lakini mzinga unaachwa porini, mbali na mwenyewe, hauna mlango wala mlinzi isipokuwa ile alama, na anayeugusa amewaambia watu wote kwamba yeye hana mpaka. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule niliyaita mambo ya kishenzi.

Akapanda mwenyewe. Jua lilikuwa limezama, adhana ya magharibi imepita, swala ameiacha, amejifunga kanga yangu kichwani hadi yakabaki macho, na mkononi ana kijinga cha moto kinachotoa cheche badala ya moshi. Mimi nilishika ngazi. Alipofika katikati akasita, akasema labda tungoje. Nikamwambia, "Shuka basi nipande mimi, nawe uje uvae kanga hii vizuri." Akaenda hadi juu.

Sikuelezi sana yaliyofuata. Alishuka haraka kuliko alivyopanda, na bila kutumia ngazi. Lakini mtungi wa asali alikuwa ameukumbatia, haukumwagika hata tone. Watu husema mchovya asali hachovyi mara moja. Baba yako alichovya mara moja tu, ikamtosha. Uso ulivimba macho yakapotea, midomo ikawa haifungiki, na siku zile zote wateja walikuja wakamkuta hivyo, wakamtazama, wakatazama mgunga, wakachukua vitambaa vyao. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Na bado sikutosheka. Nilipika mikate ya kumimina, nikaimwagia asali ile, nikajaza sahani, nikampelekea Mama Mwende. Nilitaka aone kwamba sisi watu wa mjini hatuogopi gogo. Sahani ilirudi jioni ile ile, imefunikwa kitambaa kile kile, mikate yote imo. Hakusema Bwana asifiwe. Aliiweka chini, nje, akaondoka.

Mzee Kimanzi alikuja mvua zilipokatika. Alikuwa na mfuko wake wa ngozi wa kutilia asali, na fimbo, na kofia ya askari aliyoipata kwa mtu. Alipita nyuma ya nyumba moja kwa moja bila kubisha hodi, kama mtu anayekwenda kwenye chake, na kweli alikuwa anakwenda kwenye chake. Tulikuwa ndani. Baba yako aliacha kukanyaga cherehani. Tulimwona kupitia dirisha akiitazama mizinga, kisha akivua kofia, kisha mzee yule wa mvi akapanda mgunga bila ngazi.

Alikaa juu kitambo. Tukasikia kisu. Alikuwa anakwangua. Alikwangua alama yake kwenye mzinga wa kwanza mpaka ukabaki mweupe, akahamia wa pili akakwangua na huo, na maganda yakaanguka chini. Kisha akashuka, akavaa kofia yake, akaja mlangoni kwetu.

Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini. Sikuwa na hofu, mwanangu. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, kuhusu jaa alilotuachia. Nilingoja tu aanze.

Akafika, akatazama chini. Aliliona jiwe. Aliliona na maji yake machafu, na udongo wa miguu yetu. Nikamwona akilitambua. Sikujua anatambua nini, lakini uso wa mtu ukibadilika huwezi kukosea. Kisha akainua mguu wake mmoja, akauchovya katika lile shimo, akaupangusa. Akainua wa pili, akaupangusa. Alifanya taratibu, kama mgeni mwenye adabu, kama nilivyotaka kila mgeni afanye. Akaingia.

"Wakya," akaniamkia, kama mzee anavyomwamkia mtoto.

Nikaitikia. Maneno yangu yote makali yakaishia hapo.

Baba yako alikuwa amekwisha kupiga magoti, na uso wake bado una mabaka. "Mzee," akasema, "nimekosa. Ita wazee. Nitoze."

Hapo lazima nikueleze, maana ndipo kisa chote kilipo. Kwa watu hawa, mwenye kosa akitozwa mbuzi, mbuzi yule huchinjwa, na aliyekosa na aliyekosewa hukaa chini pamoja wakamla. Nyama ikiisha na kesi imeisha, na hakuna anayeruhusiwa kuitaja tena. Faini si adhabu, ni mlango wa kurudia ndani. Baba yako, kwa upumbavu wake wote, alikuwa ameshalielewa hilo. Alikuwa anaomba atozwe.

Mzee Kimanzi alimtazama, akatazama nyumba pande zote nne, mahali palipokuwa vitu vyake. Kigoda, hakuna. Upinde, hakuna. Hakuuliza.

"Mimi sina kesi na nyinyi," akasema. "Kesi ni ya watu."

"Mzee, hata dume la ng'ombe, sema tu!"

"Kaa na mbuzi yako. Hiyo mizinga nimetoa alama. Sasa ni ya mtu yeyote. Nyinyi mnapenda kitu haina mwenyewe, si ndiyo? Basi kaeni nayo."

Akageuka. Pale mlangoni alilivuka jiwe bila kulikanyaga, akashika njia. Hajarudi Migwani mpaka leo.

Unaweza kudhani tulipona, maana hatukulipa kitu. Baba yako aliwafuata wazee nyumba kwa nyumba, anawasihi wamtoze. Mtu mzima, fundi, anatembea anaomba apewe adhabu! Wakamwambia bila mwenye mali hawawezi. Ile mizinga ikabaki juu mtini na vidonda vyake vyeupe, na kila aliyepita barabarani aliiona. Nyuki wakahama. Hatukuweza kuitundua, maana nani angeigusa? Na cherehani ikakaa kimya mwaka mzima. Tuliuza bangili zangu ili ule uji.

Watu walirudi baadaye, ndiyo. Nguo zilichakaa, na fundi mwingine yuko mbali. Lakini nikuulize, umewahi kumwona mtu wa Migwani ameketi nyumbani kwetu? Mama Mwende, jirani wa miaka yote hii, umewahi kumwona kwenye kiti chetu? Fikiri vizuri. Wanakuja, wanasimama, wanasema yao, wanaondoka. Hata leo katika sherehe yako walioketi mkekani ni jamaa zetu wa Kitui. Majirani wamekula pilau wamesimama, wakasema wana haraka. Nawe ulikuwa umefurahi, hukuona.

Habari ya jiwe niliipata kwa huyo huyo Mama Mwende, miaka mingi imepita. Alikuwa amesimama, bila shaka. Tulikuwa tunagombana kuhusu kuku wake aliyeingia jikoni kwangu, nikamwambia watu wa hapa hawana usafi, hata yule mzee wenu alituachia uchafu mtupu. Kisha akanionyesha jiwe kwa kidole.

"Hii ni ya Syombua," akasema. "Bibi ya Kimanzi. Alikufa hapa ndani kabla ya nyinyi kuja. Hii jiwe walitoa mtoni akiwa bado mwali, ikiwa sawa kabisa, haina shimo. Shimo ni mikono yake ilichimba. Miaka yote akisaga, akisaga. Mzee alisema ataibeba akipata gari."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia weka kando."

Nililia? Hapana. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kuninyamazia, nikamkasirikia Mzee Kimanzi kwa kuacha jiwe la mkewe sakafuni bila hata kulifunika, kana kwamba kila mtu anayeingia lazima ajue. Bado namkasirikia. Mtu aliyepaswa kunitukana, akapangusa miguu! Angenipiga kwa fimbo ile ningemheshimu zaidi. Alinihesabu kuwa mtu asiyestahili hata kugombezwa, na nimeishi na dharau hiyo mlangoni kwangu, nikiikanyaga kutwa mara ngapi sijui. Siku nyingine nilikuwa nikiiruka. Miguu ilikuwa imejua kabla yangu.

Nimewadharau watu wengi, Zaituni, na wengi wao walistahili, sitabadilika sasa. Lakini dharau ya mzee yule ilikuwa na haki, yangu haikuwa nayo. Najua tofauti, na ni mimi tu katika nyumba hii ninayeijua, maana baba yako anadhani kisa kilikuwa cha asali.

Leo baada ya alasiri, wanawake walipokuwa wanakupaka hina chumba cha ndani, nilichukua jembe nikalichimbua. Limezama sana miaka hii. Baba yako akatoka, akaniuliza natafuta nini chini ya mlango siku ya arusi ya mtoto. Nikamwambia natafuta adabu, kama anayo aje anisaidie. Akaja akanisaidia, maskini, na hakuuliza tena. Nimelisugua kwa majani ya msasa na maji ya moto hadi likarudia rangi yake. Ukitia kiganja chako katika lile shimo utaona linavyolingana na mkono. Mimi nilitia wangu leo kwa mara ya kwanza.

Liko kwenye lori la Saidi, chini ya magunia, limefungwa kwenye mkeka. Nimemwambia dereva ni mzigo wa bibi arusi na asiuulize. Mkifika Malili njiani atataka kupunguza uzito, maana madereva wote ni wavivu. Mkatalie. Mkifika Kathonzweni, kabla hujafungua sanduku, kabla hujapika, kabla hujamwona mama mkwe wako, vuka barabara ukaliweke mbele ya miguu ya Mzee Kimanzi. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, sikukutuma hilo, na uongo wa kuombewa msamaha na mtoto ataunusa. Mwambie maneno haya tu: mama alilifanya la kupangusia miguu, na sasa amelitoa. Kalekye atasikia, soko zima litasikia. Vizuri. Wasikie kutoka kwako wewe, siku ya kwanza, kabla hawajasikia kwa mwingine.

Akilichukua bila kusema kitu, rudi kwa mumeo. Akikutukana, simama usikilize hadi amalize. Akipangusa miguu yake juu yake tena, usilie, ni jiwe lake. Lakini akisema uitiwe wazee utozwe mbuzi, mwanangu, usibishane bei wala usimngoje Saidi. Uza bangili zako, uza hata buibui hili, umnunue mbuzi mnono kuliko wote, kaa chini pamoja naye ule. Kisha niletee habari. Mimi na baba yako tumemsubiri mbuzi huyo tangu unajifunza kutembea.

Sasa vaa, wanakuita. Na ukitoka tazama chini, usiende kwa mazoea. Mguu wako umezoea jiwe pale mlangoni, na jiwe halipo, pana shimo tu.

Mama yako.